KOMPYUTA YA CHAMA INAPOGOMA KUWAKA
Hatua za kufuata kabla ya kuikabidhi kwa fundi



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika ilipotungwa Tanganyika mwaka 1932, hadi Sheria Na. 6 ya mwaka 2013, jambo hili halikubadilika: chama hakina budi kutunza hesabu zake, na hesabu hizo hazina budi kukaguliwa. Kilichobadilika ni daftari lenyewe. Katika vyama vingi vya mkoa wetu leja haimo tena katika kitabu kikubwa chenye jalada gumu, bali imo ndani ya kompyuta mpakato iliyo juu ya meza ya karani. Kwa hiyo siku kompyuta hiyo inapogoma kuwaka, mkulima aliyeleta korosho zake Mkinga au nazi zake Pangani haambiwi kwamba leja imepotea. Huambiwa kwamba mashine ni mbovu. Kwake yeye maneno hayo ni mamoja. Hajui anadai kiasi gani, wala hajui atalipwa lini.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa utaratibu namna ya kuutafuta ugonjwa wa mashine isiyowaka. Lakini kabla ya kuingia katika maelezo hayo, yafaa ieleweke kwamba mbele yetu kuna kazi mbili, si moja. Kazi ya kwanza ni kuziokoa hesabu za chama. Kazi ya pili ni kuiwasha kompyuta. Kompyuta hununuliwa dukani. Hesabu za msimu mzima haziuzwi popote. Mtu akizichanganya kazi hizi mbili, au akaitanguliza ile ya pili, aweza kuirudisha kompyuta ikiwa nzima kabisa na daftari likiwa limefutika.

1. Jinsi kompyuta inavyoamka

Kompyuta haiwaki kwa tendo moja kama kandili. Huwaka kwa kupokezana, kama zao linavyopita mikono kutoka shambani hadi mnadani. Kwanza, umeme wa ukutani, ambao kwetu ni wa volti 230, huingia katika chaja na kupunguzwa hadi kiasi cha volti 19 au 20. Pili, umeme huo huijaza betri na kuifikia bodi kuu ya mashine. Tatu, programu fupi iliyohifadhiwa ndani ya bodi hiyo huamka na kuvihakiki viungo: vibao vya kumbukumbu ambavyo mafundi huviita ramu, kibodi, kioo na diski. Nne, programu hiyo huikabidhi kazi kwa mfumo endeshi uliomo ndani ya diski, ambao kwa wengi wetu ni Windows. Tano, mfumo endeshi huandaa mahali pa kazi, na hapo ndipo karani huweza kulifungua daftari.

Zao lisipofika mnadani hatuanzi kwa kuulaumu mnada. Tunauliza lilionekana mara ya mwisho mikononi mwa nani. Hali kadhalika kwa kompyuta: tazama imefika hatua ipi, nawe utajua ni wapi pa kutafuta. Zaidi ya hayo, utaona kwamba hatua tatu za mwanzo hazihusiani kabisa na daftari. Mashine iliyokwama hapo haijaligusa daftari, nalo aghalabu li salama ndani ya diski.

Basi kabla ya kugusa kitu chukua karatasi. Andika siku na saa. Andika kilichotangulia, mathalani umeme kukatika, mashine kuanguka, chai kumwagika au programu mpya kuingizwa. Andika ni taa zipi zinawaka na ni sauti zipi zinasikika. Maneno yakitokea katika kioo yanakili neno kwa neno, au yapige picha kwa simu. Karatasi hiyo itamfaa fundi kuliko kumwambia tu kwamba imekufa.

2. Mashine isiyoonyesha dalili yoyote ya uhai

Ikiwa hakuna taa, hakuna sauti ya feni, na hakuna joto, shaka ya kwanza ni umeme. Chomeka taa au chaja ya simu katika soketi ile ile ili uhakikishe kwamba soketi ni nzima. Kisha tazama plagi. Plagi nyingi za miguu mitatu mipana tunazozitumia zina fyuzi ndogo ndani yake, na fyuzi ikiungua waya wote huwa hauna kazi. Tazama pia waya wa chaja pale unapopindika karibu na plagi na karibu na kompyuta, maana hapo ndipo hukatika kwa ndani bila kuonekana kwa nje. Kile kiboksi cha chaja chenyewe kisifunguliwe na karani, kwa kuwa ndani yake umeme wenye nguvu huweza kubaki hata baada ya kuchomolewa.

Ukiazima chaja, soma maandishi madogo yaliyo juu yake. Volti hazina budi kulingana na zile zilizoandikwa chini ya kompyuta, na ampea zisiwe pungufu. Chaja iliyoingia katika tundu si lazima iwe ndiyo.

Chaja ikiwa nzima na mashine bado kimya, ichomoe, kisha uchomoe kila kilichounganishwa nayo. Kama betri yake ni ya kutolewa, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30, uachie. Unganisha chaja peke yake, ujaribu kuwasha. Tendo hili huuondoa umeme uliosalia katika bodi kuu na kukifanya kidhibiti chake kianze upya. Mashine nyingi zilizodhaniwa kuwa zimekufa huamka hapo. Ikiamka kwa chaja bila betri, na kufa betri inaporudishwa, basi mgonjwa ni betri.

Matahadhari mawili hapa ni ya lazima. Betri iliyovimba, hata ikainua kibodi au kifuniko, isibonyezwe, isitobolewe, wala isitiwe chaji. Huweza kuwaka moto. Na mashine iliyomwagikiwa maji, chai au soda isijaribiwe kuwashwa hata mara moja. Maji peke yake huenda yasiiue. Maji pamoja na umeme ndiyo huiua. Ichomoe, itoe betri kama inatoka, uipeleke kwa fundi siku ile ile. Usiianike juani.

3. Taa zinawaka, kioo ni cheusi

Feni ikizunguka na taa zikiwaka, mashine i hai; linalotafutwa ni kwa nini haionekani. Bonyeza kitufe cha herufi kubwa katika kibodi. Taa yake ndogo ikiwaka na kuzimika kila unapokibonyeza, aghalabu mfumo endeshi umekwisha kuamka na kosa li katika kioo. Ongeza mwanga wa kioo. Halafu zima taa ya chumba, mulika kioo kwa tochi, ukitazame kwa pembe. Ukiona picha hafifu, kioo chafanya kazi ila taa yake ya ndani imekufa.

Kipimo kilicho bora zaidi ni televisheni. Unganisha kompyuta na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea, usiizime mashine ukakimbilia kutafuta kioo kipya. Chukua flashi, unakili daftari lote saa hiyo hiyo, ndipo uzungumze habari za kioo.

Picha isipotokea kokote, shaka huhamia kwenye vibao vya kumbukumbu. Mashine nyingine hulia kwa milio mifupi na mirefu kwa mpangilio maalumu. Ihesabu na kuiandika, kwa kuwa kila mtengenezaji ana maana zake. Fundi huvitoa vibao hivyo, husafisha meno yake kwa ufutio wa penseli, na kuvirudisha kimoja kimoja ili ajue kilicho kibovu. Zipo mashine mpya ambazo vibao vyake vimeshikizwa moja kwa moja katika bodi, nazo hazitengenezeki kwa njia hiyo. Lakini kwa vyovyote vile, kosa hili haliko katika diski, na dawa yake si kuifuta diski.

4. Maandishi yanatokea, lakini daftari halifunguki

Hapa mashine imepita hatua ya tatu na kukwama katika ya nne au ya tano. Dalili ziko za aina nne.

Aina ya kwanza ni mashine inayolalamikia saa na tarehe, au inayowaka ikionyesha mwaka uliopita zamani. Katika bodi kuu ya kompyuta nyingi imo betri ndogo ya mviringo mfano wa sarafu, ya volti 3, inayotunza saa mashine inapokuwa imezimwa. Betri hiyo ikichoka, tarehe hupotea. Bei yake ni ndogo, bali madhara yake kwa chama ni makubwa: stakabadhi na hati za malipo zitachapishwa kwa tarehe za uongo, na mkaguzi atakapozilinganisha na taarifa za benki hazitapatana. Kwa hiyo karani asiendelee kutoa stakabadhi kabla ya kuirekebisha tarehe.

Aina ya pili ni mashine isemayo kwamba haikuona kifaa cha kuwashia. Kwanza chomoa flashi na vifaa vyote, maana huenda inajaribu kuwaka kwa flashi isiyo na mfumo endeshi. Tatizo likibaki, iwashe upya ukibonyeza mfululizo kitufe cha kuingilia katika mipangilio ya awali, ambacho kwa mashine nyingi ni F2, F10, Esc au Delete. Tazama tu kama diski yaonekana katika orodha. Usibadilishe kitu usichokijua. Diski isipoonekana, huenda imelegea au imekufa. Diski ya kizamani inayozunguka ikitoa mlio wa kugongagonga, zima mashine mara moja. Kila dakika inayoongezwa hapo huenda ikachukua ukurasa mwingine wa leja. Diski za kisasa zisizozunguka hazina mlio, na huweza kufa bila kutoa onyo.

Aina ya tatu ni mashine inayoonyesha nembo, ikazunguka bila kufika, ikajiwasha upya, au ikaonyesha kioo cha buluu chenye maandishi. Diski imeonekana, anayeumwa ni mfumo endeshi. Windows 10 na Windows 11 zikishindwa kuamka mara mbili au tatu mfululizo, huleta zenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo chagua kwanza kurekebisha uwashaji. Lisipofaa, ondoa masasisho ya mwisho au rudisha mfumo katika hali ya siku zilizopita. Lisipofaa, jaribu kuwasha kwa hali ya usalama, ambamo mfumo hupakia vitu vichache tu vya lazima. Mashine ikiwaka kwa hali hiyo, kazi ya kwanza ni kunakili daftari. Katika ukurasa huo huo imo pia njia ya kuirudisha mashine upya kabisa. Hiyo isiguswe. Hata ile inayoahidi kuyabakiza mafaili yako huondoa programu ulizoziingiza, ikiwemo programu ya hesabu.

Wala tusidhani kwamba msiba wa aina hii ni wa ofisi ndogo peke yake. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike ya Marekani lilizizuia kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows kuwaka duniani kote, na safari za ndege, hospitali na mabenki vikakwama. Dawa yake kwa mashine nyingi ilikuwa ni kuiwasha kwa hali ya usalama na kuliondoa faili moja tu lililokuwa na kosa. Mashine zilikuwa nzima, na mafaili ya wenyewe yalikuwamo ndani.

Aina ya nne ni mashine inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Kompyuta nyingi mpya hulifunga daftari kwa kufuli liitwalo BitLocker, ili mwizi asilisome. Mara nyingi ufunguo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya yule aliyeianzisha mashine. Kama aliyeianzisha ni karani aliyekwisha kuondoka, na alitumia akaunti yake binafsi, chama kimefungiwa nje ya nyumba yake. Kuihamishia diski katika mashine nyingine hakusaidii. Ufunguo huo uandikwe leo, mashine ikiwa nzima, na uwekwe katika kasha la chama pamoja na hati nyingine za thamani.

5. Fundi na kupiga window

Mafundi wetu wengi ni watu wenye ujuzi na bidii. Lakini mitaani imezoeleka kwamba kompyuta isiyowaka dawa yake ni kupiga window, yaani kuingiza mfumo endeshi upya. Aghalabu tendo hilo huifuta diski. Fundi hana kosa akiwa hakuambiwa kwamba ndani mna hesabu za wanachama. Yeye aliombwa kuiwasha mashine, naye ameiwasha.

Katika chama kimoja nilichokikagua, ambacho jina lake nalihifadhi, mashine iliyokuwa na kioo cheusi ilipelekwa kwa fundi siku chache kabla ya malipo. Ilirudi ikiwaka vizuri, nayo haina leja. Kilichowaokoa ni vishina vya vitabu vya stakabadhi na karatasi za mizani, ambavyo mtunza ghala alivifunga kwa kamba na kuviweka. Bodi na karani walilazimika kuingiza upya kilo za mkulima mmoja mmoja, na palipokosekana kishina palizuka ugomvi baina ya majirani. Wapo wazee waliokubali kulipwa pungufu ya walichoamini kuwa ni haki yao, ili tu amani ipatikane.

Kwa sababu hiyo kila chama kiwe na hati fupi ya makabidhiano. Iandikwe namba ya mashine, dalili zilizoonekana, na maneno haya: diski isifutwe wala kubadilishwa bila idhini ya maandishi ya Mwenyekiti na mhasibu, na diski ikibadilishwa, ile ya zamani irudishwe chamani. Mwombe fundi kwanza ainakili diski, ama kwa kuiwasha mashine kwa mfumo endeshi uliomo ndani ya flashi, ama kwa kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine. Mwakilishi wa chama awepo kazi hiyo inapofanyika. Majina, simu na akaunti za benki za wanachama si mali ya kutembezwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai tuzilinde.

Aidha, msikubali kufutiwa diski kwa hoja kwamba Windows 10 imekwisha muda. Ni kweli kwamba Microsoft ilikoma kuitolea matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na ni busara kuihama kwa mpango. Lakini ukomo huo hauizuii kompyuta kuwaka.

6. Bahari, chumvi na umeme

Sisi wa Raskazone tunaishi juu ya rasi iliyochomoza baharini. Upepo wa kusi na wa kaskazi yote miwili hutuletea chumvi. Chumvi hiyo hutua juu ya bodi na meno ya vibao, huvuta unyevu wa hewa, na kuila shaba mpaka ikafanya ukungu wa kijani. Kompyuta isiyowashwa kwa miezi huumia zaidi, kwa kuwa haipati joto la kuikausha. Basi iwashwe walau mara moja kwa wiki hata nje ya msimu. Ikiwa imezimwa ifungiwe kabatini mbali na dirisha la upande wa bahari. Na ikitolewa katika chumba chenye kiyoyozi iachwe ipate joto la nje kabla ya kuwashwa, kwa sababu hufanya umande. Ikiwa inafanya kazi isiwekwe juu ya kanga wala mto, maana matundu ya feni huzibika.

Kuhusu umeme, kompyuta mpakato ina bahati moja: betri yake huipa muda wa kujifunga vizuri umeme unapokatika. Vyama vingi huipoteza bahati hiyo kwa kuendelea kutumia mashine ambayo betri yake imekufa. Hapo kila katizo huikata mashine katikati ya kuandika, na faili lililoandikwa nusu huharibika. Kesho yake ndiyo ile mashine inayozunguka bila kufika. Kwa hiyo betri mpya si anasa, ni kinga ya leja. Na umeme ukikatika, chomoa chaja mpaka urudi na utulie.

7. Azimio la kupitishwa na kila Bodi

Hesabu ziwepo katika nakala tatu: moja katika kompyuta, ya pili katika flashi au diski ya nje inayokaa ndani ya kasha, na ya tatu nje ya jengo la ofisi, iwe kwa kupitia intaneti au katika diski iliyofungwa kwa nywila na kutunzwa mahali Bodi itakapopakubali. Nakala zichukuliwe kila siku wakati wa msimu na kila wiki nje ya msimu. Flashi isiachwe ndani ya mashine, maana umeme au kirusi kitakachoiharibu moja kitaziharibu zote mbili. Mara moja kwa mwezi nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine ili ihakikishwe kwamba yasomeka. Mwisho wa mwezi mizania ichapwe, isainiwe na kuwekwa katika jalada. Taarifa zilizokwisha kuingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, hazipotei kwa kufa kwa kompyuta ya chama; lakini leja ya kila siku iliyomo katika kompyuta ya karani haina mlinzi mwingine ila sisi wenyewe.

Ndugu viongozi, mwanachama anapoleta zao lake mizani haulizi ni mashine ya aina gani inayoliandika jina lake. Anauliza kama jina litakuwapo siku ya malipo. Makatibu wanaombwa kuyasoma makala haya katika kikao kijacho cha Bodi, na kuingiza katika muhtasari wa kikao jina la mtu atakayewajibika kuchukua nakala.